Nukta Sitini na Nne: Arudhi katika Sanaa ya Pikseli

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutajwa aghalabu panapozungumziwa fedha na akiba, na ni nadra kuisikia ikitajwa penye uchoraji. Hata hivyo, ipo sanaa moja inayoichukua methali hii kama ilivyo, bila fumbo lolote. Mchoraji wa sanaa hiyo huujaza uga wake chembe moja baada ya nyingine, akizihesabu kama mshairi ahesabuvyo mizani.

Yeyote aliyeishi Kenya mwanzoni mwa karne hii ya 21 yamkini amewahi kuiona sanaa hiyo, hata kama hakuijua kwa jina. Simu ya Nokia 3310, iliyotolewa mwaka wa 2000, ilikuwa na skrini ya nukta 84 kwa upana na nukta 48 kwa kimo. Zote pamoja zilikuwa nukta 4,032, na kila moja iliweza mambo mawili pekee: kuwa nyeusi au kutokuwa nyeusi. Katika uga huo finyu aliishi nyoka, ambaye Mfini Taneli Armanto alikuwa amemtengenezea makao katika simu za kampuni hiyo tangu Nokia 6110 ya mwaka wa 1997. Nyoka huyo hakuwa na magamba wala sumu. Alikuwa mfululizo wa nukta uliopinda kwa pembe mraba, akala alichokikuta njiani na kurefuka. Licha ya hayo, watoto kwa watu wazima walimtambua mara moja, wakahofia asijigonge, wakasonya alipokufa. Kile ambacho skrini haikuweza kukichora, akili ya mchezaji ilikikamilisha.

Nukta ya aina hii huitwa pikseli. Kwa hakika, kila picha inayoonekana kwenye skrini, hata picha ya arusi iliyopigwa kwa rununu ya kisasa, ni mkusanyiko wa pikseli. Tofauti ni kwamba pikseli za picha ya arusi ni mamilioni na zimepangwa na kamera, ilhali katika sanaa ya pikseli kila nukta imewekwa na mkono wa mtu aliyejua kwa nini ameiweka pale. Ukiihamisha moja tu, jicho lililokuwa wazi hufumba, na tabasamu hugeuka kuwa kilio.

Skrini za leo zina mamilioni ya nukta na mamilioni ya rangi. Iweje basi wachoraji wa karne hii, walio na uwezo huo wote, warudi kwa hiari yao katika ufinyu ambao waliowatangulia waliutoroka mara tu walipopata upenyu?

Swali hili linadhihirika vyema katika maisha ya mtu mmoja. Mnamo mwaka wa 2011, Mmarekani Eric Barone alihitimu shahada ya sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Washington, bewa la Tacoma. Alitafuta kazi asipate. Ili kujinoa, aliamua kuunda mchezo mdogo wa tarakilishi kuhusu maisha ya mkulima, akifuata nyayo za mchezo wa Kijapani wa mwaka wa 1996, Harvest Moon, alioupenda tangu utotoni. Alidhani kazi hiyo ingemchukua miezi michache. Ilimchukua takriban miaka minne na nusu. Katika muda huo wote alikuwa peke yake: yeye ndiye aliyeandika programu, hadithi na muziki, na yeye ndiye aliyechora kila jani, kila kuku na kila uso. Alifanya kibarua cha kuwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi wa maonyesho jijini Seattle, huku mwenzi wake akisaidia kulibeba gurudumu la gharama za maisha.

Alipoanza, Barone hakuwa mchoraji hodari. Nyuso za kwanza za wanakijiji wake zilikuwa kavu kama vinyago vya mwanafunzi wa kuchonga. Alizichora, akazifuta, akazichora upya. Kila ustadi wake ulipopanda daraja, kazi iliyotangulia ilionekana duni, naye akairudia kutoka mwanzo. Uso wa mwanakijiji katika mchezo huo hukaa katika uga wa nukta 64 kwa 64, eneo dogo kuliko stempu ya barua kwenye skrini ya kisasa lisipokuzwa. Asiyeijua sanaa hii angedhani kwamba mchoro mdogo ni kazi ndogo. Msomi wa ushairi hawezi kulidhani hilo, maana anajua kwamba ubeti mmoja wa mistari minne unaweza kumkosesha mtunzi usingizi wa wiki nzima.

Ili kuelewa Barone alikuwa akirudi wapi, sharti kwanza kutazama enzi ambapo ufinyu huu haukuwa chaguo. Mwaka wa 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo nchini Japani alihitaji kumchora seremala kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong. Nafasi aliyokuwa nayo haikuzidi nukta 16 kwa 16, na rangi zilikuwa za kuhesabika. Mdomo usingeonekana katika nafasi hiyo, kwa hivyo alimpa seremala pua kubwa na masharubu. Nywele zingemtatiza, hasa seremala anaporuka, kwa hivyo alimvika kofia. Mikono ingepotea mbele ya kiwiliwili wakati wa kukimbia, kwa hivyo alimvika ovaroli ili mikono iwe na rangi yake. Seremala huyo ndiye Mario, mhusika anayejulikana sasa pembe zote za dunia. Masharubu yake yalizaliwa na uhaba wa nukta.

Hapa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hujikuta nyumbani. Mtunzi ambaye neno lake limezidi mizani hulifupisha, na tendo hilo huitwa inkisari. Likipungua, hulirefusha, na hiyo ni mazida. Kina kikimkataa, huibadilisha sauti ya neno ili likubali, na hiyo ni tabdila. Vitabu vya uhakiki huvieleza vibali hivi kama uhuru wa mshairi, japo vyote vimezaliwa na kutokuwa huru. Masharubu ya Mario ni inkisari ya mdomo. Kofia yake ni inkisari ya nywele. Msomaji mwema halioni neno lililofupishwa kama kosa, kadhalika mchezaji hakuwahi kumwona Mario kama mtu aliyekosa mdomo.

Mfano mwingine ni wa Susan Kare, Mmarekani mwenye shahada ya uzamifu katika sanaa kutoka Chuo Kikuu cha New York. Mwaka wa 1983 alijiunga na kampuni ya Apple ili kuchora alama za tarakilishi ya Macintosh, iliyozinduliwa Januari 1984. Kabla ya kupatikana programu ya kuchorea, alinunua daftari la karatasi za mirabaraba, akatenga miraba 32 kwa 32, akaanza kuijaza kwa kalamu. Alikuwa na miraba 1,024 na rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Kutokana na hiyo alitoa tarakilishi inayotabasamu, bomu la kuonya hatari, na alama nyingine zilizowafanya watu wasiojua lolote kuhusu mitambo waikaribie bila woga. Kare ameeleza kwamba kazi za mikono alizozizoea, kama vile kutarizi na kupanga vigae vidogo vidogo, zilikuwa zimemwandaa kwa ajili ya kazi ile. Mtunga ushanga wa Kimaasai angemwelewa bila mkalimani. Yeye pia hana mstari wa mshazari. Ana chembe zinazopangwa safu kwa safu, na mshazari wake ni ngazi ambayo jicho limekubali kuiona kama mteremko.

Mtambo uliouimarisha ufinyu huu ukawa kama sheria ya kutunga ulikuwa Famicom wa kampuni ya Nintendo, uliotoka Japani mwaka wa 1983. Picha zake zote zilijengwa kwa vigae vya nukta 8 kwa 8. Kigae kimoja, basi, kilikuwa na nukta 64. Umbo linalotembea lilipewa rangi tatu tu, pamoja na sehemu iliyoachwa wazi ili mandhari ionekane nyuma yake. Tena, katika mstari mmoja wa skrini mtambo haukuweza kuonyesha vigae vinavyotembea zaidi ya vinane. Cha tisa kilitoweka, na ndiyo maana maadui walipokuwa wengi walianza kumetameta kama taa inayotaka kuzimika.

Mwenye kuijua tarbia atakuwa amekwisha kuhesabu. Mshororo una ukwapi wa mizani 8 na utao wa mizani 8, jumla mizani 16. Mishororo minne hufanya mizani 64. Ubeti mmoja wa tarbia na kigae kimoja cha Famicom vina hesabu sawa kabisa. Hiyo ni sadfa, wala hakuna haja ya kuitafutia nasaba. Lakini ni sadfa yenye faida, kwa kuwa inamwezesha mtu wa Kiswahili kuipima sanaa hii ngeni kwa kipimo alichokizoea. Nukta sitini na nne ni kidogo kiasi gani? Ni kidogo kama ubeti. Zinaweza kubeba nini? Hilo humtegemea mtunzi.

Mitambo ilikua. Kufikia miaka ya tisini michezo ya video ilikwisha kuanza kuhamia katika maumbo yenye kina, na nukta zikapoteza enzi yake. Ufinyu ulipoondoka, uliacha nyuma watu waliougeuza kuwa uzuri, na baadhi yao hawakutaka uzuri huo uondoke nao. Mnamo Machi 2013 kundi dogo la waundaji huko California, Yacht Club Games, liliomba umma mchango wa dola 75,000 ili kuunda mchezo ulioitwa Shovel Knight. Lilipata zaidi ya dola 311,000. Mchezo ulipotoka Juni 2014, ulionekana kana kwamba umetolewa katika kabati lililofungwa tangu enzi ya Famicom.

Lakini haukuwa umetoka humo. Mwaka huohuo David D'Angelo, mmoja wa waundaji hao, alichapisha maelezo marefu ya sheria walizozihifadhi na walizozivunja. Walibaki na rangi za mtambo wa kale, ila wakaongeza chache walipoona zilizopo hazitoshi. Walidhibiti idadi ya rangi katika kila umbo, lakini hawakuona haya kuongeza moja mhusika alipoihitaji. Waliikataa kabisa ile kasoro ya maumbo kumetameta, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipenda. Waliupanua uga ili ujaze runinga pana za kisasa, na wakaziacha tabaka za mandhari zisogee kwa kasi mbalimbali, jambo ambalo mtambo wa kale ungelifanya kwa taabu kubwa.

Mjadala huu si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka wa 1954, na kwa miaka mingi kitabu hicho kilikuwa mizani ya kupimia nani mshairi na nani si mshairi. Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoziweka kando kanuni za vina na mizani, na vita vya maneno kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko vikarindima kwa miongo kadhaa. Katika vita hivyo kambi zote mbili ziliishughulikia kanuni kama kitu kimoja kizima, cha kukubaliwa au kukataliwa. Watu wa Shovel Knight walitenda tofauti. Waliichukua kila sheria kivyake na kuiuliza ilikuwa ikimfaidi nani. Iliyomfaidi mtazamaji ilibaki. Iliyokuwa udhaifu wa mtambo tu iliachwa ife pamoja na mtambo.

Upo pia ukweli mwingine ambao wapenzi wa mambo ya kale husahau. Miraba mikavu yenye kingo kali, ambayo leo ndiyo nembo ya mtindo huu, haikuonwa hivyo na watoto wa miaka ya themanini. Runinga za wakati huo, zile zenye mgongo mkubwa, ziliichanganya nukta na jirani yake, na wachoraji waliutegemea mchanganyiko huo. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka wa 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima inayopishana na nafasi wazi. Kupitia waya na runinga za wakati huo mistari iliyeyuka, na maji yakawa maangavu. Kwenye skrini ya leo mistari inabaki mistari. Hali ni kama ya tenzi za kale, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ili zighaniwe mbele ya wasikilizaji. Leo husomwa kimyakimya katika kitabu cha mtihani, na msomaji hushangaa kwa nini kina kinarudiwarudiwa. Kina kilitungiwa sikio. Basi mchoraji wa leo anayedai kurudi katika mambo ya kale hurudi mahali ambapo hapakuwahi kuwako. Anachokifanya ni kipya, na heri akiri hivyo.

Upya huo una ufundi wake. Mchoraji wa pikseli anayetaka kuchora tao huanza kwa hatua ndefu, kisha akazifupisha kwa utaratibu: nukta tano, tatu, mbili, moja, moja. Akiweka tano, moja, tatu, jicho huona kigongo hata kama halijui kilitoka wapi, kama vile sikio lisivyohitaji kuhesabu ili kujua kwamba mshororo umechechemea. Kivuli hakipatikani kwa kuongeza weusi tu. Aghalabu rangi husogezwa kuelekea samawati penye giza na kuelekea manjano penye mwanga. Pakihitajika ulaini, nukta ya rangi ya kati huwekwa pembeni mwa ngazi. Zikizidi, umbo zima huwa ukungu.

Hata kuukuza mchoro ni suala la hesabu. Ukikuzwa mara tatu, kila nukta huwa mraba wa nukta tisa, na uwiano hubaki. Ukikuzwa mara mbili na nusu, baadhi ya safu huwa nene na nyingine nyembamba, kwa kuwa hakuna nusu ya nukta. Jicho la mhusika mmoja huwa kubwa kuliko la pili. Huo ni mshororo wa mizani kumi na tano na nusu, nao hauimbiki.

Panapo ufundi hapakosi walaghai. Mtindo ulipopendwa, miraba ilianza kuonekana katika fulana, mabango na matangazo ya biashara, mingi ikiwa pambo tupu. Zipo programu zinazogeuza picha yoyote kuwa miraba kwa mbonyezo mmoja. Ipo pia michoro inayochanganya miraba mikubwa na midogo katika uga mmoja, au kuigeuza miraba upande, mambo ambayo yanadhihirisha kwamba mchoraji anaipenda sura ya mpaka bila kuukubali mpaka wenyewe. Ushairi una ndugu wa kazi hizo: tungo zilizotimiza vina na mizani kwa kujaza maneno yasiyo na kazi, ambapo kibwagizo hurudi kwa kuwa sharti kirudi tu.

Hata hivyo, tishio kubwa zaidi kwa sanaa hii halikutoka kwa walaghai. Lilitoka kwa fundi wake mmoja. Mnamo Mei 2015, Mmarekani Blake Reynolds wa kundi la Dino Farm Games alichapisha makala ya kuikana sanaa ya pikseli. Reynolds hakuwa mgeni anayeibeza. Alikuwa amechora kwa miaka, na mchezo wa kundi lake, Auro, ulikuwa umejaa kazi hiyo ya kuhesabu nukta. Kilichomchosha ni kwamba watazamaji wengi hawakuiona. Waliona picha yenye ukungu au yenye miraba, wakauliza kwa nini haijakamilika. Alitaja pia michezo ya mapigano iliyochorwa kwa ustadi wa hali ya juu, ambayo wahakiki waliilaumu kwa kuonekana na nukta, kana kwamba nukta zilikuwa uzembe. Mchoraji wa pikseli, kwa maoni yake, hulipishwa kodi: kabla ya kusema alichotaka kusema, sharti kwanza aeleze kwa nini anasema namna ile.

Uamuzi wake haukuwa wa hasira. Hakuwalaumu watazamaji, na hapo ndipo hoja yake inapouma. Alisema kwa muhtasari kwamba mtazamaji hana wajibu wa kujifunza lugha ya mchoraji. Ikiwa hadhira imeacha kuielewa lugha hiyo, basi mwenye ujumbe na atafute lugha nyingine. Kwa hivyo aliamua kwamba kazi za kundi lake za baadaye zingechorwa kwa namna ambayo macho ya leo yameizoea.

Kila anayefundisha bahari za ushairi katika nchi hii amewahi kukaa mbele ya swali la Reynolds, hata kama halikuulizwa kwa maneno hayo. Darasani wapo wanafunzi wanaoisikia tarbia kama mlio wa saa ya ukutani. Hawaisikii inkisari kama ustadi. Huisikia kama neno lililokatwa. Mwalimu huweza kuwapa istilahi wakazikariri, wakapita mtihani, na wasisome shairi jingine aushi yao yote. Je, mtunzi aendelee kuhesabu mizani ambayo hakuna anayeihesabu naye? Au amfuate Reynolds, aiage arudhi kwa heshima, aseme kwa sauti inayosikika?

Jibu moja linaweza kutafutwa katika mchezo wa Barone. Uliitwa Stardew Valley, nao ulitoka tarehe 26 Februari 2016. Katika muda wa miezi miwili uliuza zaidi ya nakala milioni moja, na kufikia mwaka wa 2024 nakala zilikuwa zimepita milioni 30. Haielekei kwamba mamilioni hao wote walikuwa wajuzi wa pikseli waliokuwa wakihesabu hatua za tao. Walikuja kwa sababu ya kijiji: shamba lililosahaulika, mvuvi mzee, mama aliyechoka, kijana anayekunywa ili asahau. Walizipenda nyuso, wala hawakuuliza ziliingiaje katika nukta 64 kwa 64. Kazi ya miaka minne na nusu iliwafikia bila kulipishwa ile kodi, kwa kuwa kilichowafikia kwanza kilikuwa watu.

Jibu hilo, hata hivyo, halimfungi Reynolds mdomo. Mafanikio ya mmoja hayafuti hasara ya wengine, na wapo mafundi wengi ambao kazi yao nzuri ilipita bila kuonwa. Tena yeye alisema kweli kwamba hadhira haina deni. Jambo linalojitokeza ukiwaweka wawili hao pamoja ni kwamba arudhi haiwezi kuokolewa kwa kuitetea. Reynolds alichoka kuieleza sheria kwa watu ambao hawakuomba maelezo. Barone hakuieleza, aliitumia kumchora mtu, akaifuta sura hiyo, akaichora tena mpaka akawa mtu. Mtazamaji aliyempenda mtu huyo ndiye anayeweza baadaye kugeuka na kuuliza amechorwaje, na hapo ndipo mwalimu wa arudhi anapopata mwanafunzi. Mpangilio huo ukipinduliwa, istilahi zikatangulia na mtu akafuata, darasa husinzia.

Gharama yake lakini isifichwe. Anayefuata njia hii sharti akubali kwamba sehemu kubwa ya jasho lake haitaonwa na yeyote. Masharubu yatasifiwa kama masharubu, na mshororo uliomkosesha mtunzi usingizi utasomwa kwa pumzi moja. Si kila mtu ana uwezo wa kuibeba gharama hiyo, wala si kila mtu ana mwenzi wa kumsaidia kodi ya nyumba huku akihesabu nukta. Reynolds aliipima akaona haimfai, na hakuna mwenye haki ya kumwita msaliti.

Mnamo Machi 2024, miaka minane baada ya mchezo wake kutoka, Barone alitoa toleo jipya la 1.6 bila kuwatoza malipo wale waliokwisha kuununua. Miongoni mwa mabadiliko yake, wanakijiji walipewa mavazi ya kipupwe. Theluji inapoanguka katika kijiji kile, watu wanaonekana na makoti na skafu ambazo hawakuwa nazo awali. Hakuna aliyekuwa na deni la kuwavika. Picha za wanakijiji wengi zilirudiwa, shingo ikapata kitambaa, bega likapata manyoya, na uga wa kila uso ukabaki na nukta zilezile, 64 kwa 64.